Tumbawe jeupe: limepauka au linabanduka nyama? Naombeni msaada tanki langu linaisha

BahariNdogo

Wakuu habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu, leo nimeshindwa kunyamaza maana matumbawe yananifia mbele ya macho na kila ninachogusa naona kama naharibu zaidi.

Tanki lina lita 220 ukijumlisha na sampu (lile tanki dogo la chini la kuchujia maji), lina mwaka na miezi minne tangu niliwashe. Ndani nina matumbawe haya: akropora moja ya kijani ukubwa wa ngumi, montipora ya sahani ya zambarau, yufilia ya matawi yenye vichwa vinne, na uyoga wachache huku chini mbele. Samaki watano wadogo. Mpaka wiki mbili zilizopita kila kitu kilikuwa kimetulia, akropora inatoa ncha mpya, mimi nikiamka asubuhi naenda kwenye kioo kabla hata sijanawa uso.

Sasa hali ndo hii. Montipora juu yote imekuwa nyeupe kama karatasi ila ukiinama ukaitazama kwa chini zambarau yake bado ipo. Yufilia imefifia, kichwa kimoja hakifunguki kabisa. Akropora ndo inayoniumiza zaidi, weupe ulianzia kwenye shina pale inapokutana na jiwe, juzi ulikuwa upana wa ukucha leo ni vidole viwili, na jana pampu ilipowaka nikaona vitu kama vijikaratasi laini vinapeperuka kutoka kwake.

Nimesoma mahali kwamba likipauka ujue maji yamechafuka, kwa hiyo nimeshakoroga ndoo za chumvi hapa nataka nibadilishe nusu ya maji leo usiku. Nifanye nisifanye? Na hii ni kupauka kweli au ni kitu gani?

MtunzaMwamba

Usifanye. Hizo ndoo ziache hapo hapo zilipo kwanza tuongee.

Pole sana mkuu. Kwa maelezo yako una matatizo mawili tofauti ndani ya tanki moja, na watu wengi wanayaita yote kupauka kwa sababu yote yanaonekana meupe. Hapa ndipo matumbawe mengi yanapopotea, mtu anasubiri pale alipotakiwa kukata, au anakata pale alipotakiwa kusubiri.

Tumbawe lililopauka bado liko hai. Ndani ya nyama yake kuna chembechembe za mwani zinaitwa zuzanthela, hizo ndo zinalipatia ile rangi ya kahawia ya msingi na ndo zinalilisha, hadi asilimia 90 ya nguvu yake inatoka huko. Likizidiwa na mwanga au joto linazitoa, nyama inabaki angavu kama kioo na wewe unaona mfupa mweupe kupitia kwenye nyama. Ila nyama ipo. Zima taa, kaa kama saa moja, rudi na tochi uisogeze pembeni usiimulike moja kwa moja, utaona polipu (vile vijimdomo vya tumbawe) zimetoka na juu yake kuna utelezi unang'aa.

Kubanduka nyama ni habari nyingine kabisa. Hapo ngozi yenyewe inachunika na kuondoka, kinachobaki ni mfupa mtupu wenye vishimo vikali, hauna mng'ao, na kati ya palipo hai na palipokufa kuna mstari umenyooka kama umepigwa wembe. Hivyo vijikaratasi ulivyoona vinapeperuka ndo nyama yenyewe hiyo. Na ule mfupa baada ya siku chache unaota manyoya ya kijani au kahawia, wakati lililopauka halioti kitu juu kwa sababu mwenye nyumba bado yumo ndani.

Montipora yako imepauka. Akropora yako inabanduka. Yufilia sijajua bado. Sasa leta namba: joto, chumvi, alka (ile akiba ya bikaboneti kwenye maji), kalsiamu, magnesiamu, naitreti, fosfeti, na kila kitu ulichobadilisha ndani ya mwezi huu hata kama unaona hakihusiani.

Kasa_88

na picha mkuu. zima taa ya bluu acha nyeupe tu, ile bluu inafanya kila kitu kionekane kizima hata mfupa

BahariNdogo

Asanteni sana kwa kujibu haraka. Nimepima sasa hivi mara mbili mbili.

Joto 26, chumvi 1.026, kalsiamu 430, magnesiamu 1320. Naitreti haionyeshi rangi kabisa yaani sifuri. Fosfeti 0.00. Alka ni 11.4, hii imenishtua kwa sababu wiki mbili zilizopita nimeandika kwenye daftari 8.1 na pampu yangu ya kudondosha alka sijaigusa iko vilevile tangu miezi minne nyuma.

Nilichobadilisha: kioo kilikuwa kinapata ukungu wa kijani kila siku mbili nikachoka, nikaweka kaboni mpya (ule mkaa wa kusafisha maji) na GFO nyingi (zile chembe za kutu ya chuma zinazonyonya fosfeti) kwa pamoja, maji yakawa safi mpaka unaweza kudhani tanki halina maji. Kwenye wikiendi hiyohiyo nikapandisha taa kutoka asilimia 55 kwenda 75 maana nilitaka akropora ipate rangi kali. Na maji ninabadilisha asilimia 10 kila wiki kama kawaida.

Nimeangalia kwa tochi kama ulivyosema, montipora kweli polipu zipo ndogondogo zinatikisika, zimepauka ila zipo. Kwenye shina la akropora hakuna kitu, nimegusa kwa kijiti nikasikia kinakwaruza kama jiwe.

Chewa_wa_Kina

Hapo kwenye kaboni na GFO na taa, vyote wikiendi moja, ndipo roho yangu iliposhtuka. Dada yenu nimeshapita hapo.

Ngoja nikueleze nilivyoona. Maji yenye unjano kidogo yanapunguza mwanga bila wewe kujua. Ukiweka kaboni mpya nyingi unjano wote unaondoka ndani ya siku moja na tumbawe linapigwa na mwanga mkali zaidi hata kama taa hujaigusa, sasa wewe na taa ukaipandisha. Halafu fosfeti nayo ukaimaliza, na tumbawe lililonyimwa fosfeti ule mwani wake wa ndani unashindwa kuhimili mwanga ambao zamani ulikuwa unauhimili vizuri tu. Ndo maana montipora imepauka juu panapopigwa na taa na chini penye kivuli pamebaki na rangi. Kivuli kimekuandikia jibu.

Yangu ilikuwa akropora ya bluu nimeilea miaka miwili kutoka kipande cha urefu wa kidole. Nikaona weupe chini nikasema imepauka itarudi, nikaizimia taa nikailisha, nikawa naisubiri. Siku ya nne nimelala ikiwa na nusu nyama, nimeamka asubuhi ni mfupa mtupu mpaka nchani, na skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, imefurika povu zito la kahawia linalonuka kama samaki aliyeachwa juani. Kubanduka kukishika kasi kunamaliza tumbawe zima ndani ya saa 24. Kwa hiyo nakuomba kabisa, akropora usiisubirie.

MtunzaMwamba

Dada Chewa ameshasema karibu kila kitu, niongezee kwenye alka maana hapo kuna mtego ambao hauandikwi sana.

Tumbawe linatumia alka kujengea mfupa. Likiumwa linaacha kujenga. Ila pampu yako ya kudondosha haijui kwamba mgonjwa amekataa kula, inaendelea kumimina kipimo kilekile cha kila siku, alka inapanda, tumbawe linaumwa zaidi, linatumia kidogo zaidi, alka inapanda tena. Ndo maana umetoka 8.1 ukafika 11.4 bila kugusa kitu. Na alka ya juu kwenye maji yasiyo na naitreti wala fosfeti ni mbaya mara mbili, mfupa unasukumwa ukue haraka wakati nyama haina chakula cha kuufunika, ncha zinaungua, shina linaachia. Maji ya bahari yenyewe yana alka kama 7 hivi. Tanki linaweza kukaa vizuri popote kati ya 7 na 9, hata 10 kama virutubisho vipo, shida inakuja namba ikihama.

Sasa fanya jambo moja kabla ya yote. Pima alka ya hayo maji mapya kwenye ndoo.

BahariNdogo

Mkuu nimepima ndoo. 12.2.

Yaani ningemwaga nusu ya tanki maji ya 12.2 leo usiku.

MtunzaMwamba

Ungeimaliza. Chumvi nyingi za tanki zimetengenezwa na alka ya juu makusudi kwa watu wasiodondosha, sio mbaya, ila unatakiwa ujue namba yake kabla haijaingia.

Leo zima pampu ya alka. Usiishushe kwa tindikali wala dawa yoyote, iache ishuke yenyewe, ukiona inashuka nusu hivi kwa siku ni mwendo mzuri. Toa GFO yote. Kaboni punguza ibaki kiganja kimoja. Taa rudisha 40, sio 55, kwa sababu maji yako sasa ni angavu kuliko zamani. Samaki waongezee chakula kidogo. Usibadilishe kitu kingine chochote zaidi ya hivyo kwa wiki nzima, hata kama mkono unawasha.

Alka ikifika 8 na ukataka kurudisha kudondosha, anza na theluthi ya kipimo cha zamani, pima kila siku saa ileile. Kwa wanaotumia magadi ya kuokea kama mimi, gramu 3 kwenye lita 100 zinapandisha kama dKH 1, yaani namba moja ya alka, kwa hiyo tanki la 220 ni gramu 6.6 kwa dKH 1, usizidishe hiyo kwa siku moja.

PweziMkimya

Mimi nitapingana kidogo. Kukata tumbawe lenye msongo ni kuliongezea kidonda. Nimewahi kuacha akropora yenye mstari kama huo, nikarekebisha alka tu, mstari ukasimama wenyewe na baada ya miezi mitatu nyama ikaanza kupanda tena juu ya mfupa wa zamani. Chanzo kikiondoka mwili unajitibu.

Chewa_wa_Kina

PweziMkimya mstari wako ulikuwa unatembea kwa kasi gani? Wa kwake umetoka ukucha hadi vidole viwili kwa siku mbili na nyama inapeperuka. Huo sio wa kusubiri.

PweziMkimya

Wangu ulikuwa milimita moja moja kwa wiki. Sawa, hapo nimekuelewa, kwa kasi hiyo hata mimi ningekata. Mkuu BahariNdogo zingatia hilo, kasi ya mstari ndo inakuamulia. Weka alama, piga picha kila asubuhi kutoka sehemu ileile, macho yanadanganya.

Kasa_88

kabla hujakata chukua sirinji kubwa ipulize akropora kwa nguvu chini kwenye shina na katikati ya matawi uone kama kuna kitu kinabanduka. minyoo bapa ya akropora inafanana rangi na tumbawe lenyewe huwezi kuiona imekaa, inaacha alama za kuumwa vidoadoa vya mviringo vilivyopauka. na mayai yake yanakuwa kwenye ule mfupa mweupe wa chini, vifurushi vya kahawia. dawa ya kuogeshea inaua minyoo ila mayai haiyagusi ndo maana ukiyakuta unaogesha tena kila baada ya siku tano hadi saba kwa wiki kadhaa na mayai unayakwangua kwa mkono. kwa montipora kuna konokono weupe wadogo wasio na gamba hao wanakaa chini ya sahani, geuza uangalie

BahariNdogo

Nimepuliza, hakuna kilichotoka zaidi ya nyama. Chini ya montipora pasafi. Nakata kesho asubuhi, naombeni hatua maana mkono wangu haujawahi.

Chewa_wa_Kina

Utafanya vizuri tu, nipo nawe.

Chukua koleo la kukatia lenye makali, lisuuze kwa maji ya RO, yale yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Toa akropora iweke kwenye bakuli la maji ya tanki lako mwenyewe. Tafuta mstari, panda juu yake sentimita moja na nusu mpaka mbili ndani ya nyama nzima kabisa, kata hapo. Usikate kwenye mstari wenyewe maana nyama iliyo karibu na mstari tayari imeshaanza kuachia hata kama ina rangi, ukiitazama vizuri utaona imevimba kidogo na polipu zimejifunga. Ukikata panapofaa utaona mfupa mweupe msafi na ukingo wa nyama umeng'ang'ania, hauachii. Ukiona ukingo unalegea kama ngozi ya maziwa, hapo bado, panda tena.

Vipande viogeshe kwenye iodini, maji yawe ya tanki yenye joto lilelile, kipimo kile kilichoandikwa kwenye chupa na sio zaidi, dakika 10 hadi 15, halafu suuza kwenye bakuli la pili. Maji ya kuogeshea yasirudi kwenye tanki hata tone. Kausha kitako cha kipande kwa kitambaa, gundi supa ile nzito ya jeli, bandika kwenye kitako cha udongo. Viweke chini kwenye mwanga mdogo, maji yapite ila yasipige.

Usivibandike vyote sehemu moja. Na lile shina mama usilitupe kama lina tawi lolote bado zima, pitisha jeli ya gundi juu ya mstari wote kuzunguka, nusu kwenye nyama nusu kwenye mfupa. Wakati mwingine inafunga.

Ngisi_Mwekundu

Samahani naingilia. Nimesoma kuna watu wanatumia antibayotiki kwenye matumbawe yanayobanduka, wanasema kule Florida wameokoa miamba kwa amoksilini. Si amwage tu kwenye tanki aokoe zote kwa mara moja?

MtunzaMwamba

Swali zuri ila hapana. Ule ugonjwa wa Florida ulioonekana 2014 ni wa kuambukiza baharini na umeshambulia aina zaidi ya 20 za matumbawe magumu. Hiyo amoksilini hawaimwagi baharini, wanaichanganya kwenye dawa ya kupaka mpiga mbizi anaipaka kwa mkono kwenye kidonda, tumbawe moja moja, na wanarudi kukagua. Hapa kwetu sababu inajulikana, ni alka na njaa na mwanga. Ukimwaga antibayotiki kwenye tanki unaweza kuua bakteria wanaosafisha amonia na unalea usugu wa dawa bila sababu. Rekebisha chanzo.

Ngisi_Mwekundu

Nimekuelewa mkuu. Na hii kupauka ya ndani ya tanki ni sawa na ile ya baharini wanayotangaza?

MtunzaMwamba

Utaratibu ni uleule, zuzanthela zinatolewa. Tofauti ni kichocheo. Baharini ni joto, maji yakizidi kama digrii moja juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote yakakaa hivyo wiki kadhaa, miamba inapauka. Ilitokea dunia nzima 1998, ikarudi 2010, ikaja 2014 hadi 2017, na Aprili 2024 NOAA (shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa) na ICRI (mpango wa kimataifa wa miamba ya matumbawe) wakatangaza ya nne. Kwenye tanki joto nalo linafanya hivyo hivyo, hita ikikwama kwenye kuwaka unaamka una 31, kwa hiyo hita iwe na kidhibiti cha pili cha kuikatia umeme. Ila majumbani mara nyingi ni taa. Na kuna kitu kinachonipa moyo, la tanki unaweza kulipunguzia mwanga leo hii.

BahariNdogo

Siku ya tatu. Nimekata. Nilipobana koleo mara ya kwanza ilisikika kama biskuti kavu, moyo ulinienda mbio. Kipande cha kwanza ukingo ulilegea kama alivyosema dada Chewa, nikapanda sentimita nyingine nikakuta pazuri. Nimepata vipande vitano, kimoja kina matawi matatu. Shina mama nimelipaka gundi kuzunguka.

Alka leo 10.5. Fosfeti 0.01. Taa 40. Mkono unawasha kweli ila sijagusa kitu kingine.

Swali langu la montipora na yufilia, niyalishe?

Chewa_wa_Kina

Montipora iache, midomo yake midogo mno, itakula kinachoelea na samaki wakilishwa vizuri inapata. Yufilia ndo ya kulisha, ina mdomo wa maana. Zima pampu, subiri taa zifife, mpe kila kichwa kipande kidogo cha kamba laini au misisi (vile vijikamba vidogo) kwa sirinji taratibu juu ya mikono, ikishika usiiguse tena. Mara mbili kwa wiki inatosha. Tumbawe lililopauka limepoteza jiko lake kwa hiyo unalipikia wewe mpaka jiko lirudi. Ila kile kichwa kilichojifunga usikilishe, chakula kitaozea pale pale.

BahariNdogo

Siku ya tano naombeni haraka. Kile kichwa cha yufilia kilichojifunga asubuhi kimefunikwa na kitu kama ute wa kahawia, mzito, unaning'inia, unatikisika na maji. Nimesogea nikasikia harufu mbaya.

MtunzaMwamba

Jeli ya kahawia. Zima pampu ZOTE sasa hivi, usiipulize, ule ute umejaa vijidudu vya siliata vinavyokula nyama na kipande kikipeperuka kikatua kwenye kichwa kingine kinaanza upya huko. Chukua mpira mwembamba uvute ute wote uende kwenye ndoo, maji ya ndoo yamwage. Yufilia yako ni ya matawi, kata tawi la kichwa hicho chini kabisa kwenye mfupa usiokuwa na nyama ukitoe, hakiokoleki. Vitatu vilivyobaki viogeshe iodini na uviweke mbali kidogo na wenzao.

Kasa_88

na kama kuna zoa yoyote (zile polipu laini zenye umbo la ua) imekufa kwenye jiwe hilo usije ukaenda kuchemsha jiwe ulisafishe, kuna sumu inaitwa palitoksini mvuke wake umewalaza watu hospitali familia nzima. nawaambia wote mnaosoma. miwani na glavu ukikata chochote

BahariNdogo

Nimefanya kama ulivyosema. Ute ulikuwa unavutika kama kamasi, chini yake hakuna nyama tena, ni fito za mfupa tu. Vichwa vitatu vimeoga vimerudi, jioni viwili vimeshafunguka nusu. Glavu nilivaa, asante Kasa.

PweziMkimya

Refraktomita yako, kile kipimo cha chumvi, uliisahihisha kwa kutumia maji gani? Kama ni kwa maji ya RO irudie kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35 kwa elfu, zinaweza kudanganya huku juu hata kama kwenye sifuri ziko sawa.

BahariNdogo

Nilitumia RO kweli. Nimepata maji ya kipimo, ilikuwa imepotoka kidogo tu, tanki ni 1.0255. Naiacha.

BahariNdogo

Wiki ya tatu wakuu. Alka imekaa 8.2 siku sita mfululizo nikidondosha theluthi ya zamani. Naitreti 4, fosfeti 0.05, na ule ukungu wa kijani kwenye kioo umerudi, nautazama kwa jicho jingine sasa hivi.

Vipande vya akropora, viwili vimekufa, kimoja ndani ya siku mbili na kingine polepole. Vitatu vimesimama, ule wenye matawi matatu umeanza kutambaa nyama kwenye gundi, milimita mbili hivi, inang'aa. Shina mama gundi haikushika, mstari ulipita chini yake nikalitoa. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu kidogo kabla sijaliweka pembeni.

Montipora bado nyeupe ila polipu usiku ni nyingi kuliko mwanzo. Ni kawaida kuchukua muda hivi? Nilikuwa nafikiri nipandishe taa kidogo ili ule mwani urudi haraka.

Chewa_wa_Kina

Usipandishe kabisa. Mwani unarudi kwenye mwanga mdogo, ukiupandishia sasa unafukuza wachache waliobaki. Ni wiki mpaka miezi. Na ikirudi haitarudi zambarau, itaanza na ukahawia wa ovyo kama chai ya maziwa na utadhani imeharibika, huo ndo mwani wenyewe umerudi, zambarau inakuja baadaye sana. Watu wengi wakiuona ule ukahawia wanawasha taa kuusafisha wanapausha mara ya pili.

Pole kwa shina mama. Najua.

Ngisi_Mwekundu

Nafuatilia huu uzi kila siku. Nimeenda kupima maji ya ndoo yangu baada ya kusoma hapa, alka ya chumvi yangu 11.8 na tanki langu 7.6. Nilikuwa nabadilisha asilimia 25 kila wiki mbili na kila mara akropora zangu zinanuna siku mbili nikawa sijui sababu. Nimepunguza kuwa asilimia 8 kila wiki.

MtunzaMwamba

Safi sana. Hesabu yake ni rahisi, tofauti ya 4.2 ukibadilisha robo ya maji unapandisha alka kwa 1 na zaidi ndani ya dakika kumi. Kwa asilimia 8 ni kama 0.3, hata hawatahisi.

BahariNdogo

Wiki ya nane. Nimeshindwa kusubiri picha nandika kwanza.

Montipora ina ukahawia. Ulianzia pembeni kwenye ukingo wenye kivuli, nikadhani ni uchafu, nikaupuliza kwa sirinji haukutoka. Leo umefika karibu katikati, kuna duara kama kiganja cha mtoto tu bado jeupe juu kabisa panapokaa chini ya taa. Yufilia vichwa vitatu vyote vinafunguka mpaka vinagusana na kimoja kinaonekana kinagawanyika, kina midomo miwili. Akropora vipande vitatu, kile kikubwa nyama imefunika gundi yote na imeanza kupanda kwenye kitako cha udongo, ukingo wake mweupe mwembamba wa kukua ambao mwanzoni ulinitia hofu nikadhani mstari umerudi, nikauweka kwenye picha tatu za asubuhi tatu kama PweziMkimya alivyosema nikaona unaenda mbele sio nyuma.

Alka leo 8.0, kudondosha nimepandisha mpaka nusu ya kipimo cha zamani maana wameanza kuitumia. Taa bado 40. Mnashauri nianze kupandisha lini?

Chewa_wa_Kina

Mungu akubariki kwa uvumilivu wako, nimefurahi utadhani ni tanki langu. Ngoja lile duara la katikati lijae kwanza, halafu ongeza asilimia 2 au 3 kwa wiki sio zaidi, na wiki utakayobadilisha kaboni taa usiiguse.

BahariNdogo

Sawa dada. Kaboni inabadilishwa Jumapili, kiganja kimoja. Taa nitaianza wiki inayofuata ikiwa duara limejaa.